Kikao cha Kuvusha Watoto

Kijiwe chetu kiko pale barabara inapokata kona, chini ya ukuta mrefu wa ghala unaowaficha madereva wasione kinachowangoja mbele. Kuna benchi la mbao lililoegemezwa ukutani, mguu wake mmoja umefungwa waya, na pembeni yake kuna jiko langu la mkaa na birika langu la kahawa. Ng'ambo ya barabara ni shule ya msingi. Wateja wangu wa kila siku ni wanne, na wote mtaa umewabatiza upya. Katiba ni karani mstaafu, ambaye hata ukimwomba asogee ukae atakuuliza umefuata utaratibu gani. Breki aliendesha basi tangu ujana wake, na jina alilipata kwa sababu akianza kusema hakuna anayejua atasimama wapi. Redio anauza vocha na kuchaji simu za watu kwenye kimeza chake, na habari humfikia kabla hazijatokea. Wa nne ni Fundi, mshona viatu. Yeye hakai kwenye benchi, anakaa chini kwenye kigoda, karibu na barabara, na kwa kuwa mara nyingi ana uzi mdomoni, huchangia mazungumzo kwa kuguna. Mimi wananiita Mama Birika. Nina mtoto mgongoni na mwingine darasa la kwanza, ng'ambo huko.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianza na Mwanachuo. Ndivyo tunavyomwita. Ni binti wa mtaa huu huu, amelelewa na bibi yake katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na sasa anasomea ualimu chuoni, mwendo mfupi kutoka hapa. Tangu lori la mchanga lilipomvunja mguu mtoto mmoja pale konani, binti huyu husimama barabarani asubuhi watoto wanapoingia shule, na mchana hutoka mbio chuoni kwake kuja kuwavusha wale wadogo wanaotoka mapema. Hakuna aliyemtuma. Halipwi. Hana filimbi wala hapigi kelele. Anaingia barabarani, ananyoosha mkono juu, kiganja kimefunguka, na magari yanasimama. Wadogo amewafundisha kushikana wawili wawili na kutokanyaga lami mpaka waone mkono uko juu. Nimemwona akimsubiri yule wa mwisho, ambaye viatu vyake ni vikubwa kuliko miguu yake, mpaka madereva wanaanza kupiga honi, na yeye hamharakishi. Anamwambia tu avae vizuri, kwamba watasubiri.

Asubuhi hiyo, baada ya kuvusha, alikuja moja kwa moja kwenye benchi. Nguo yake ilikuwa imepigwa pasi na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Akawaamkia wazee, wakaitikia marahaba. Akaeleza kwamba mitihani yake ya mwisho inaanza leo, wiki nzima, na saa ile ya mchana atakuwa ndani ya chumba cha mtihani. Asubuhi atakuja kama kawaida. Ni mchana tu ndio hataweza. Alikuwa anaomba mtu mmoja wa kusimama badala yake.

Nilisema nitakwenda mimi. Binti akanisogelea, akamshika mwanangu kisigino, kile kilichokuwa kimechungulia kwenye kanga.

— Na huyu? Katikati ya malori? Hapana, dada. Hapa wapo wazee wanne. Mmoja hatakosekana.

Alilisema kwa imani ambayo mpaka leo nikiikumbuka inanichoma. Katiba akasafisha koo.

— Nenda, mwanangu, kafanye mtihani. Ombi lako limepokelewa.

Binti akashukuru, akaondoka karibu akikimbia. Mimi hilo neno limepokelewa nalijua. Zamani niliwahi kumweleza Katiba habari za mguu wa benchi, naye akaupokea huo mguu hivyo hivyo. Ndiyo maana una waya.

Sitaki mtu afikirie kwamba hawa ni watu wabaya. Breki hunibebea ndoo ya maji kila nikifika, na hajawahi kusubiri niombe. Kuna bibi mmoja ambaye mwanawe humpigia kwa simu ya Redio, na bibi akiongea na mwanawe Redio anageuka kutazama upande mwingine ili bibi alie kwa nafasi. Katiba huwasomea wenye macho mabovu maandishi ya kwenye chupa za dawa, na huyarudia mpaka aone wameelewa. Ukifiwa, hao ndio wa kwanza kubeba viti. Tatizo lao ni lile benchi. Wakishakaa pamoja juu ya ule ubao, kila mmoja anaiacha akili yake nyumbani akitegemea ya mwenzake.

Kikao kilianza kahawa ikiwa bado inawaunguza midomo. Katiba alisema mtu hapewi jukumu bila kikao, na kikao si kikao bila mwenyekiti, na kwa kuwa ni yeye aliyekumbuka jambo hilo, basi mwenyekiti amepatikana. Redio akawa katibu kwa sababu ana simu ya kuandikia. Breki alidai hakuna anayejua magari kuliko yeye, akafanywa mshauri wa mambo ya barabara. Fundi alitoa uzi mdomoni akasema yeye hataki cheo, ana kiatu cha mama mmoja kinachotakiwa kabla ya mchana. Wakamfanya mjumbe bila kumuuliza tena.

Nikawajazia vikombe. Nikauliza kwa upole, sasa mchana anakwenda nani.

Katiba alinitazama kama niliyemmwagia kahawa kwenye shati. Akanifafanulia kwamba swali langu ni la mwisho na mimi nimelileta mwanzo. Kabla hujamweka mtu mahali pa mwenzake, lazima ujue mwenzake yule alikuwa anafanya nini pale. Je, ni kazi? Kama ni kazi, tajiri wake ni nani? Kama si kazi, ni kitu gani? Kijiwe hakiwezi kumtoa mtu wake kichwa kichwa bila kujua yule binti alikuwa anapata nini.

— Hapati kitu, nikasema.

— Hilo ndilo linalotia shaka, Redio akajibu.

Na hapo ndipo asubuhi yetu ilipopotelea.

Redio ndiye aliyeanza. Alisema kuna watu wa mbali wanaopenda sana picha za watoto wakivuka barabara, wanazitazama wakiwa wamekaa kwenye viti vyao vizuri, wanasikia huruma, wanatuma msaada. Binti anasimama pale apigwe picha. Breki akamuuliza hizo picha anazipiga nani, maana wao wako pale kila siku na hawajawahi kumwona mpiga picha. Redio akasema hapo ndipo mtu anapojua kwamba watu wale ni wataalamu, kwa sababu hawajaonekana hata mara moja. Wakatikisa vichwa. Hata mimi nilishindwa pa kumshikia.

Breki hakukubali kupitwa. Yeye alikuwa amemchunguza binti kwa jicho la udereva, na alichogundua ni kwamba akiwa barabarani midomo yake inachezacheza. Anahesabu. Anahesabu nini? Magari. Kuna watu wanataka kuipanua barabara hii, na hawawezi kuipanua bila kujua inapitwa na magari mangapi, na barabara ikipanuka ukuta wa ghala utaondoka, benchi litaondoka, na nyumba zote mpaka kule kwenye mashine ya kusaga zitapigwa alama nyekundu.

— Anahesabu watoto, nikamwambia. Anahakikisha waliotoka ndio waliofika.

— Ndivyo walivyomfundisha aseme ukimuuliza, Breki akasema, tena kwa sauti ya kunionea huruma.

— Bibi yake anakaa kule kule kwenye mashine ya kusaga. Atambomolea bibi yake nyumba?

— Mama Birika, wewe bado mdogo. Hujui watu.

Mtoto mgongoni akakohoa, nikamtikisa taratibu. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaanza kurudi nyuma, na jua limefika kwenye vidole vya Katiba. Nikawakumbusha kwamba muda unakwenda. Katiba akanishukuru kwa kumbusho, akasema limepokelewa, kisha akajiweka sawa ili naye atoe la kwake.

Lake lilikuwa zito zaidi. Alisema mahakama siku hizi haimfungi kila mtu. Kuna anayeambiwa badala ya jela, kawatumikie watu bila malipo mpaka adhabu yako iishe. Ushahidi upo wazi. Binti hajawahi kuchelewa. Mvua inanyesha, yupo. Jua linawaka, yupo. Siku ile ana homa, kanga imefungwa kichwani, yupo.

— Mtu huru huchelewa, Katiba akasema.

Benchi zima likayaonja maneno hayo. Redio aliandika kwenye simu. Nami nilisimama na birika mkononi nikimfikiria yule binti akiwa na homa yake. Siku hiyo mimi ndiye niliyempa maji ya moto anywe, akanywa nusu, nusu akamnawisha uso mtoto aliyeanguka kwenye vumbi. Sasa nusu ile ya maji nayo imekuwa ushahidi wa mahakamani.

Nikabadili njia. Nikaona pengine nikimuuliza mmoja mmoja, aibu itafanya kazi ambayo kikao kimeshindwa. Katiba alinijibu kwamba mwenyekiti hawezi kuondoka kitini, kikao kitavunjika. Breki alisema mshauri kazi yake ni kushauri, akishaingia barabarani nani atamshauri? Redio alinionyesha simu zilizojaa kwenye kimeza, kila moja na mwenyewe. Alikuwa na haki hapo, isipokuwa kwamba mara nyingi huniachia mimi simu hizo hizo akaenda kutazama mpira. Fundi aliinua kiatu cha yule mama, kikiwa wazi mbele kama mdomo wa samaki, akaguna.

Lile guno la Fundi ndilo lililonimaliza. Kwa sababu kuna jambo nilikuwa nalijua, na nilikuwa nimeliweka kwa muda mrefu.

Siku moja, kitambo, nilimuuliza Mwanachuo kwa nini anajitesa. Alikuwa ameketi juu ya ndoo yangu akisubiri wadogo watoke. Hakunipa hotuba. Alinionyesha kwa kidevu upande wa kigoda. Aliniambia alipokuwa anasoma shule hii hii, viatu vyake vilikuwa vinaachia soli kila baada ya siku chache, na kila vikiachia, yule mzee alikuwa anavishona asubuhi kabla kengele haijagongwa, yeye akisubiri amesimama kwa mguu mmoja. Hakumtoza. Hakumwambia hata mara moja kwamba hamtozi. Alikuwa anasema tu, haya, nenda, utachelewa. Binti akaniambia, dada, bila vile viatu ningekuwa nimekaa nyumbani. Sina mashine ya kushonea viatu. Nina mkono. Basi ndio ninaoutoa.

Alinikataza kumwambia mzee, aliogopa mzee ataona kama analipwa deni. Lakini asubuhi ile, nikiwasikia wanampeleka jela mtoto wa watu, nilishindwa kujizuia. Nikaweka birika chini.

— Mnatafuta sababu yake? Sababu yake imekaa hapo kwenye kigoda.

Wakageuka kukitazama kigoda. Nikawaeleza yote, viatu, soli, mguu mmoja. Nilisema polepole ili wasipoteze hata neno. Nilidhani mambo yatakuwa yameisha. Nilidhani watainama. Fundi alitoa uzi mdomoni akanitazama kwa muda, kisha akatazama mikono yake.

— Mimi? Sikumbuki.

— Ulimshonea bure miaka yote ya shule.

— Huenda ni fundi mwingine. Mimi sishoni bure, nina familia.

Akainama tena kwenye kiatu, lakini niliona sindano imepita pembeni ya tundu. Nami nikajisemea, angalau sasa watafunga mdomo. Kumbe nilikuwa nimewamwagia mafuta kwenye jiko.

Katiba aligeuka taratibu kumwelekea Fundi, kama mtu aliyekaa na mwizi chumba kimoja bila kujua.

— Kwa hiyo ni wewe unayemtuma.

Fundi akaguna. Katiba akasema guno si jibu. Redio tayari alikuwa ameshaipata habari nzima: mtoto anayepelekwa shule kwa gari hatumii viatu. Mtoto anayebaki nyumbani kwa kuogopa malori hatumii viatu. Lakini mtoto anayevuka salama kila siku, anatembea kila siku, na kiatu chake kinaisha. Binti anavusha watoto, watoto wanamaliza viatu, viatu vinakuja kwa nani? Breki akapiga goti lake kwa mshangao. Alisema alikuwa anajiuliza siku nyingi kwa nini kigoda kimewekwa mbele kabisa, karibu na barabara kuliko benchi.

— Hata hizo soli zake za utotoni, Katiba akaongeza, ulikuwa unazishona ili umfunge. Umewekeza kwa yule mtoto tangu akiwa mdogo.

Haikuishia hapo. Katiba alikuwa ameanza kuona mbali, na akiona mbali hakuna wa kumrudisha. Alisema viatu ni mwanzo tu. Watoto wale wamezoeshwa jambo moja: mkono ule ukiinuka, wote wanatii, hakuna anayeuliza. Watakua. Watakuwa na kadi za kura. Siku moja binti atasimama mahali penye watu wengi atainua mkono ule ule, na mtaa mzima utakwenda anakotaka. Nyuma yake atakuwa mshona viatu mmoja aliyekaa kimya miaka yote na uzi mdomoni. Breki alisema hata ule uzi sasa ameuelewa. Mtu mwenye uzi mdomoni haulizwi maswali.

Nilitamani kulia na nilitamani kucheka, na sikuwa na nafasi ya kufanya hata kimoja, kwa sababu mkaa ulikuwa unazima. Nikawa napepea jiko huku nikitazama lango la shule.

Hapo ndipo alipofika mtu tusiyemjua. Alikuwa na madoa ya chokaa mikononi na kwenye nywele. Akatusalimu vizuri, mkubwa kwanza, akasema yeye ni mpaka rangi wa nyumba, amehamia mtaani juzi, na mwanawe ameanza darasa la kwanza leo hii. Akaomba kahawa. Alikunywa amesimama, akisikiliza habari za kura na viatu bila kujua aingilie wapi, kwa heshima ya mgeni. Breki alipovuta pumzi, yule baba akapata nafasi.

— Samahani, wazee wangu. Hawa watoto wa darasa la kwanza wanatoka saa ngapi?

Ni swali dogo tu. Breki alifungua mdomo, akaufunga. Redio aliitazama simu kama jibu limeandikwa humo. Katiba alisema inategemea. Yule baba akamuuliza, kwa adabu, inategemea nini, na Katiba akanywa kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kuwa kitupu. Fundi hakuguna.

Wanne hawa wamekaa mbele ya lango lile tangu sijaolewa. Na mimi niliwatazama nikaelewa kwa nini hawajui. Hawakuwahi kuhitaji kujua. Kila siku watoto walikuwa wanatokea tu upande wetu, wamekwisha kuvushwa.

Baba yule, kuona wazee wamekwama, akanigeukia mimi. Nikafungua mdomo kumwambia, kengele ikanitangulia.

Walitoka wawili wawili, wameshikana mikono kama walivyofundishwa. Walifika ukingoni mwa lami wakasimama. Mstari wao wote ulisimama. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto, kisha wakatazama katikati ya barabara, pale ambapo huwa kuna mkono. Hapakuwa na mtu. Hakuna aliyekanyaga lami. Niliona kichwa cha mwanangu, wa pili kutoka mbele, kinamtafuta Mwanachuo. Nikaanza kufungua fundo la kanga, nimpe Redio mtoto niende mwenyewe, na vidole vyangu vilikataa kufungua fundo nililolifunga mwenyewe asubuhi.

Yule baba mgeni akamwona mwanawe. Alikuwa mbele kabisa, ameshikana mkono na mtoto mwingine. Baba akafurahi. Ni siku yake ya kwanza shuleni, na ametoka mzima, hana hata machozi. Akafanya anachofanya baba yeyote. Akainua mkono juu kabisa, kiganja kimefunguka, akampungia.

Watoto wakaona mkono uko juu. Wakaingia barabarani.

Sauti ya lori niliisikia kabla sijaliona, kwa sababu ya ule ukuta. Katiba alisimama, na birika langu likapinduka, sijui aliligusa yeye au mimi. Breki alilijua lori kwa muungurumo wake, akasema la mchanga, limejaa, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. Na wote hao walikuwa bado pale penye benchi.

Fundi hakuwa kwenye benchi. Alikuwa chini, karibu na barabara. Sikumwona akiinuka. Nilimwona tayari yuko katikati ya lami, mgongo umepinda, uzi unaning'inia kwenye kidevu, mkono wa kulia uko juu, na kwenye mkono huo amevaa kiatu cha yule mama kama glavu. Lori lilitokea konani likapiga breki. Mchanga ulimwagika kwa mbele, juu ya paa la dereva. Lilisimama mbali kuliko nilivyoogopa na karibu kuliko ningependa.

Hakuushusha mkono. Alisimama vile vile mpaka wote walipopita. Mwanangu alinipita akanisalimia kama siku yoyote. Dereva wa lori alitoa kichwa aanze kutukana, akawaona watoto, akakirudisha ndani. Wa mwisho alikuwa yule mwenye viatu vikubwa, kimoja kimebaki nyuma, anarudi kukichukua. Magari yalikuwa yamejipanga nyuma ya lori, na mmoja akapiga honi. Fundi hakumharakisha mtoto. Alikitazama tu kile kiatu kwa jicho la kazi, namna kinavyokunja pale kisiginoni.

Yule baba alikuwa amemkumbatia mwanawe, amepiga magoti, na alikuwa akiomba radhi kwa kila mtu, kwangu, kwa Katiba, kwa ukuta. Nikamwambia hana kosa. Alimpungia mwanawe. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye kona hii mkono ukiinuka una kazi. Nilipomweleza, akamwinua mtoto wake akambeba mpaka nyumbani, ingawa mtoto alikuwa akitaka kutembea.

Fundi alirudi kwenye kigoda. Alijaribu kuingiza uzi kwenye sindano ikamshinda, akajaribu tena ikamshinda. Breki alimchukulia ile sindano, akamtungia uzi, akamrudishia bila neno. Niliona, na nilimpenda kwa hilo. Nilisikia mkaa ukipasuka. Nikafikiri labda leo, labda hatimaye wameelewa.

Lakini walishakaa tena juu ya ubao. Breki ndiye aliyeanza, kwa kusema kwamba kitaalamu Fundi alisimama pabaya, dereva wa lori ana upande asioona. Katiba akakumbusha kwamba kikao hakijafungwa na hakijamteua mtu, na kwamba jambo likifanyika bila kuteuliwa ni vigumu baadaye kujua lilifanywa na nani. Redio akainama karibu nao, akapunguza sauti, lakini niko hatua chache tu, nilimsikia.

— Mzee kama yule, na magoti yake, aruke vile mbele ya lori? Bure tu? Kuna anachokitafuta.

Breki akasogea ili asikie vizuri. Katiba akanyoosha kikombe kwangu, bila kunitazama, kama ambavyo amekinyoosha siku zote.

Nikamwambia kahawa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Birika lilipopinduka lilibakiza kidogo chini, na hicho nilikimimina kwenye kikombe safi, nikaongeza sukari, nikampelekea Fundi kule chini. Alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, akatazama ng'ambo, lango lilikuwa limefungwa.

— Mimi kweli sikumbuki viatu vyovyote, akasema.

— Haidhuru, mzee wangu.

Akamaliza kahawa. Akakitua kikombe kwenye lami, mbali na miguu ya watu.

— Na kesho, akaniuliza polepole ili wa kwenye benchi wasisikie, wanatoka saa hizi hizi?

— Saa hizi hizi.

Akaguna. Kisha akainuka kidogo, akakisogeza kigoda chake mbele zaidi, mpaka kikagusa lami.